Tafida wa Mwaka Arobaini na Tatu

Karmuz, Iskandaria
12 Septemba 1998

Kaka Mitwalli,

Salaam nyingi kwako, kwa wifi yangu Zeinat, na kwa huyo nyati wenu wa maziwa aliyezaa. Mimi mzima wa mwili. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue ni hasira.

Nilikuambia tumeletewa mkurugenzi mpya. Anaitwa Mhandisi Tamir, ana miaka thelathini na minne, na marashi yake hutangulia kuingia mlangoni kabla yake. Alhamisi alitukusanya sisi wakaguzi wa kitambaa, wanawake arobaini na mmoja, akasema kiwanda kinahitaji damu changa. Dawlat akaninong'oneza, "Damu? Kwani hapa buchani?" Nikacheka kwa sauti, na kicheko kile sasa kimeandikwa kwenye faili langu.

Kisha ikabandikwa karatasi ukutani. Kila mkaguzi aliyetimiza miaka hamsini na mitano atie saini fomu ya kustaafu mapema kwa hiari, mwisho ni tarehe thelathini na moja Desemba. Hiari gani ina tarehe ya mwisho? Sheria ya nchi inasema sitini. Yeye anasema macho yetu yamechoka.

Tuko kumi na mmoja. Mimi kwa karatasi yangu nimetimiza hamsini na mitano mwezi wa pili.

Wewe hujawahi kuiona kazi yangu, kwa hiyo nikueleze. Jora la sufu likitoka kwenye mitambo tunalitandaza juu ya meza ya mteremko, dirishani, upande wa kaskazini ambako jua halikuchomi machoni. Tunatafuta uzi uliokatika, fundo, tundu. Tunaziba kwa sindano mpaka aliyelifuma mwenyewe asijue palipokuwa na jeraha. Tukimaliza, kila mmoja anashona uzi wake kwenye ukingo wa jora, ijulikane nani amelikagua. Dawlat ni kijani. Mimi ni mwekundu, meza ile ile, dirisha lile lile, tangu mwaka sitini na moja. Sina mume tena, Mungu amrehemu Fikri, na mtoto sikujaliwa. Dirisha lile ninalo.

Wewe umestaafu mwaka jana. Niambie kukoje huko. Usinipambie.

Dada yako,
Tafida


Naga Tina, Sohag
24 Septemba 1998

Kwa dada yangu mpenzi na mtukufu, Tafida, Mungu amhifadhi,

Baada ya salaam na dua, barua yako imenifikia nikaisoma kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyefundisha lugha kwa miaka thelathini na sita.

Unauliza kukoje. Kuzuri, dada. Asubuhi naamka bila kengele. Nakunywa chai yangu nzito, nasoma gazeti toka ukurasa wa kwanza hadi wa vifo. Watu huja kuniomba ushauri, nami huwapa. Wanafunzi wangu wa zamani hunisimamisha njiani kuniamkia, "Ustadhi, Ustadhi," mpaka nachelewa kufika niendako. Hiyo ndiyo heshima ya umri. Mtu anayeng'ang'ania kiti huivunja kwa mikono yake.

Umekula chumvi ya kutosha, Tafida. Weka saini yako, chukua haki yako, uje huku. Zeinat atakuokea mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, kila Ijumaa. Usipigane na kijana ambaye serikali imemweka. Watu wa namna hiyo hawana muda wa kusikiliza.

Kaka yako,
Mitwalli


Karmuz
11 Oktoba 1998

Kaka,

Nimeisoma barua yako ya chai mara mbili. Mara ya pili ilikuwa tamu kupita kiasi.

Sasa sikiliza vituko. Wameleta daktari wa macho. Wa kwetu sisi kumi na mmoja tu! Wale thelathini macho yao hayana haja ya kupimwa, yana ujana. Tukasomeshwa herufi ukutani, tukazisoma zote. Ihsan alishindwa mstari wa mwisho kwa sababu miwani yake aliiacha mezani. Akaenda kuileta, akausoma, halafu akamsomea daktari na jina la kiwanda kilichochapa ile karatasi, limeandikwa chini kwa herufi za chawa.

Kwa hiyo macho yakawa mazima. Unadhani wakaacha? Jumamosi moja tulifika tukakuta meza zetu kumi na moja zimeondolewa dirishani zimepangwa ukutani, chini ya taa za bomba zinazopepesa. Dirisha langu amepewa Rawya, msichana niliyemfundisha kushika sindano mwaka juzi. Nikauliza, tunakaguaje sufu nyeusi kwa taa hii? Nikaambiwa mpangilio ni wa kisasa.

Na sasa wameanza kuhesabu. Mtu wa ofisini hupitia majora yaliyokwisha kukaguliwa, akikuta kasoro iliyotuponyoka huangalia rangi ya uzi ukingoni na kuandika. Kijani mbili. Mwekundu moja. Jedwali linabandikwa mlangoni kila Alhamisi, na hapo tunaambiwa, si mnaona wenyewe? Unamtia mtu gizani, halafu unamcheka anavyopapasa.

Mhandisi Tamir alisimama mezani kwangu akasema, "Bibi, si ukalee wajukuu?" Nikamwambia, "Sina wajukuu, nina majora ishirini. Na wewe unanizibia hata hiyo taa."

Dawlat ametia saini jana. Alisema, "Tafida, siwezi kusoma jina langu pale mlangoni wiki nyingine." Alinipa sindano zake. Nilimtukana, Mitwalli. Nilimwita mwoga mbele ya watu, miaka thelathini tumekula maharage kwenye bakuli moja. Ninaona aibu.

Mimi sitii saini. Watanitoa na meza yangu.

Tafida


Naga Tina
22 Oktoba 1998

Dada yangu Tafida,

Nimekaa na kalamu hii siku nne. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Wewe huna miaka hamsini na mitano. Una hamsini na mmoja.

Kabla yako palikuwa na Tafida mwingine. Alizaliwa Februari ya mwaka arobaini na tatu, na karatasi ya kuzaliwa uliyo nayo ni yake. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu. Nilikuwa na miaka tisa, nilibeba maji ya kumwoshea. Baba hakwenda kuandikisha kifo, maana mjini palikuwa safari ya siku nzima kwa punda, na moyo haukumpa. Ulipozaliwa, Mama akasema jina la mtoto lisipotee, nawe ukapewa jina pamoja na karatasi. Nusu ya kijiji hiki imekua kwa karatasi za wafu, hakuna aliyeona ajabu.

Mama aliniapisha nisikuambie. Alihofia utajiona umevishwa nguo ya maiti. Yeye amekwishatangulia, na mimi leo navunja kiapo nipate kukuokoa.

Nenda mahakamani, omba usahihishiwe umri. Nitatoa ushahidi. Binti wa mkunga yu hai na anakumbuka. Ukishapata hukumu utakuwa chini ya hamsini na mitano, na huyo Mhandisi hatakuwa na neno juu yako.

Nisamehe.
Mitwalli


Karmuz
1 Novemba 1998

Kaka,

Kwanza nililia. Halafu nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama alikuwa akisema, "Wewe nilikuzaa mwaka wa kipindupindu," nasi tukamwambia, Mama umechanganya, kipindupindu ni arobaini na saba. Anatutazama tu, anaendelea kuchambua majani ya mulukhiya. Na siku ya kwanza kiwandani! Msimamizi alicheka kuona mikono yangu inavyopotea ndani ya koti, akasema, "Huyu ndiye mwenye miaka kumi na minane?" Nilikuwa na kumi na minne, Mitwalli! Nikaapa ni kumi na minane, nami nikiamini kweli ni kumi na minane.

Nimekukasirikia. Mambo hayo ulikuwa uniambie nilipozika mume wangu, nilipokuwa natafuta cha kushika. Lakini hasira hiyo nitaila baadaye, sasa nina kazi.

Nimekwenda kwa Bwana Zakariya wa ofisi ya watumishi. Akasema, leta ushahidi wa maandishi na risiti ya mahakama, jina lako litatoka kwenye orodha na utarudishiwa dirisha. Hata akatabasamu, "Kumbe bado binti, Bi Tafida." Nitumie ushahidi haraka. Nataka nimwone Mhandisi Tamir uso utakavyomshuka.

Tafida, mwenye miaka hamsini na mmoja


Naga Tina
12 Novemba 1998

Dada yangu,

Ndani ya bahasha hii utakuta ushahidi wangu na wa binti wa mkunga, umegongwa mihuri mitatu. Karani aliniuliza mimi ni nani siku hizi. Nikamwambia ni Ustadhi Mitwalli. Akauliza, wa wapi?

Harakisha, na usiuonyeshe ulimi wako mahakamani.

Mitwalli


Naga Tina
20 Novemba 1998

Wifi Tafida,

Naandika mwenyewe, usicheke herufi. Kaka yako hajui.

Wewe unadhani anakunywa chai nyumbani? Kila siku saa moja anavaa suti yake ya kufundishia, anachukua mkoba wenye kalamu nyekundu, ananiambia mwalimu mkuu amemwita akawasaidie. Mwezi mzima nilimwamini. Halafu mtoto wa Bi Nafusa akaniambia, Ustadhi anakaa kituo cha reli. Nilikwenda nikamwona kwa mbali, kwenye benchi, mkoba magotini, anasahihisha gazeti. Saa saba anarudi, anasema leo wanafunzi wamemchosha.

Sijamwambia kuwa najua. Namwekea chakula namuuliza wanafunzi wanaendeleaje. Kwa hiyo akikuandikia kustaafu ni asali, usimsikilize. Na usimwambie nimekuambia.

Zeinat


Karmuz
6 Desemba 1998

Kaka Mitwalli,

Ushahidi nimeupata, na kesi sitaifungua. Usiirarue barua, soma mpaka mwisho.

Nilimpelekea Bwana Zakariya zile karatasi. Akafurahi kweli, akaamuru meza yangu irudishwe dirishani siku hiyo hiyo, kabla hata ya mahakama. Nikakaa. Mwanga ule, Mitwalli! Niliona uzi mmoja mmoja kama unaniita. Nikakagua majora mawili bila kuinua kichwa. Nilipoinua nikawaona wenzangu saba waliobaki kule ukutani, maana wawili wengine wamemfuata Dawlat kutia saini, Ihsan amelaza pua juu ya sufu nyeusi, taa inapepesa juu ya kichwa chake.

Nikaenda kwa Ihsan kuazima mkasi. Akaniambia, "Chukua, msichana." Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililoniuma. "Kwa hiyo wewe si mzee, basi ulionewa. Sisi je, tunastahili?"

Nimesimama na mkasi wa watu mkononi kama mwizi.

Nimelifikiria hilo siku tatu. Nikienda mahakamani kusema nina hamsini na mmoja, nitakuwa nimesema mwenye hamsini na mitano ni takataka, ila mimi nimewekwa kwenye jaa kwa makosa, mnitoe. Mikono hii ni ile ile ya mwezi wa kwanza, kabla ya hiyo hamsini na mitano, na ya mwezi wa tatu. Kilichobadilika ni karatasi.

Na kuna yule mtoto. Nimekuwa nikimfikiria sana. Jina ni lake, mwaka ni wake. Kwa miaka thelathini na saba ni yeye aliyeandikwa kwenye daftari la mahudhurio, mimi nilikuwa mikono tu. Ndiye aliyeniingiza kazini, mimi ningeambiwa nirudi nyumbani nikakue. Sasa nisimame mbele ya hakimu niseme hayupo, mfuteni? Watu wote wanaotaka kumfukuza Tafida wa mwaka arobaini na tatu, wakae foleni. Mimi simo.

Basi Jumatano asubuhi nikashika meza yangu kuirudisha ukutani. Nzito kama ngamia aliyekufa. Rawya akaja upande wa pili, nikadhani ananisaidia. Akasema, "Bi Tafida, hapana. Tuhamishe za wale kuja huku." Nikamwambia utafukuzwa. Akasema, "Na mimi nitafika hamsini na mitano, au unadhani nitakufa kabla?" Wasichana wakaacha viti. Tulibeba meza zote saba, tukabananisha, sasa tuko wawili wawili kila dirisha, viwiko vinagongana.

Jioni wakaja kuzitoa. Asubuhi tukazirudisha. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Jambo jingine: Rawya ameniomba kibunda cha uzi mwekundu. Nikamwuliza wa nini, rangi yako si njano? Akasema utaona Alhamisi.

Na wewe nikuulize kidogo. Hapo unapokunywa hiyo chai yako, treni ya saa nne hupita kwa wakati?

Tafida


Naga Tina
20 Desemba 1998

Tafida,

Treni ya saa nne huchelewa. Kila siku. Nimeandika dakika.

Siulizi nani amekuambia. Nilimkuta Zeinat anapiga pasi suti yangu, nikamtazama, naye akaendelea kupiga pasi. Nikajua amejua siku nyingi, na siku zote hizo ananiuliza habari za wanafunzi. Nililia mbele yake, mimi mzee mzima. Sijawahi.

Nilikudanganya. Hakuna anayekuja kuomba ushauri. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, na kesho yake nilipopita shuleni kuchukua kitabu changu bawabu akaniuliza, "Una shida na nani?" Miaka thelathini na sita. Nilitaka uje huku utie saini, ili benchi lile tuwe wawili. Hiyo ndiyo kweli yangu, na ni mbaya.

Kuhusu kesi, umenikasirisha, halafu umenifanya nitembee. Jumamosi nilikwenda shuleni kweli. Darasa la sita halina mwalimu wa Kiarabu tangu Septemba. Nikamwambia mwalimu mkuu nitafundisha, sitaki kitu. Akacheka, akasema, "Ustadhi, kapumzike." Nikamwambia nimepumzika mpaka mgongo unauma. Nikaingia darasani nikachukua chaki. Bado hajanitoa. Ramadhani imeingia leo, na wale watoto hawajui kutofautisha mtenda na mtendwa.

Nimelitafuta kaburi la yule mdogo wetu. Lipo karibu na la Babu, bila alama. Fundi yuko tayari kuweka jiwe. Nimwandikie nini? Jina, na alizaliwa lini, na alikufa lini?

Vipi Alhamisi?

Mitwalli


Karmuz
23 Januari 1999

Kaka yangu, heri ya Idi iliyopita, kila mwaka ukukute ukiwa na chaki mkononi.

Alhamisi ile mtu wa ofisini alikuja na daftari lake la kasoro. Jora la kwanza, uzi mwekundu. La pili, mwekundu. La kumi, mwekundu. Majora yote ya ukumbi, wanawake thelathini na wanane, kila ukingo ni mwekundu! Akasimama na kalamu hewani. "Hii ni kazi ya nani?" Rawya akasema, "Ya Tafida." "Na hii?" Ihsan akasema, "Ya Tafida." Hata Samah, yule anayeniita fosili nikigeuka, akasema, "Tafida. Ana mikono mingi."

Jedwali halikubandikwa. Wiki ya pili Mhandisi Tamir akaamuru stoo isitoe uzi mwekundu. Rawya akafumua mkono wa sweta yake nyekundu mezani, mbele ya msimamizi, akagawa. Msichana kazi yote ya mwezi ule wa baridi ameifanya mkono mmoja uko wazi, kaufunika kwa shali ya Ihsan.

Mhandisi akaniita ofisini. Akasema, "Bi Tafida, nimeambiwa una karatasi za kuthibitisha wewe ni mdogo. Zilete, nikutoe kwenye orodha, tuyamalize." Nikamwuliza, "Na wale saba?" Akasema, "Wale ni wazee." Nikampa vidonge vyake, kaka, nilikuwa nimefunga na bado nikampa. Nikamwambia, "Mimi ni wa mwaka arobaini na tatu. Soma faili. Umri wangu hauna ugonjwa unaohitaji hakimu. Nitatoka hapa nikitimiza sitini, kama sheria inavyosema, kwa mlango wa mbele, na utanifungulia wewe."

Tarehe thelathini na moja ikafika, hatukutia saini hata mmoja wa wanane. Mhandisi akaiandikia ofisi ya kazi ya serikali kwamba tunagoma. Afisa wao akaja na mwavuli wake uliovunjwa na upepo, ile dhoruba ya Januari unayoisikia redioni. Akakagua, akahesabu meza dirishani, akauliza kwa nini kule ukutani pana taa na hakuna mtu. Akasoma ile fomu. Akauliza, "Imeandikwa kwa hiari. Mmeridhia?" Tukajibu hapana, wote thelathini na wanane. Akaandika hapana. Ile karatasi ya ukutani imeondolewa siku tatu kabla ya Idi, na tundu za misumari zimebaki.

Nisikudanganye, hatujaingia peponi. Majira ya joto Mhandisi atazua jingine, namjua. Ihsan anakohoa. Na Dawlat hawezi kurudi, alitia saini, saini ni saini. Nilikwenda kwake siku ya pili ya Idi na bakuli la kahki, biskuti za Idi, nikamwomba radhi. Alinifungia mlango. Nikakaa ngazini nikala moja. Akafungua akasema, "Umezitia sukari nyingi, bibi kizee." Tukaingia. Nimemrudishia sindano zake. Amesema ataanza kuwashonea majirani.

Sasa swali lako la kaburi. Weka jiwe zuri. Mwambie fundi aandike Tafida, herufi kubwa, wapita njia wasome. Mwaka wa kufa, andika, alikuwa mtoto na watu wajue. Lakini wa kuzaliwa acha pawe patupu, kaka. Huo mwaka bado ninautumia.

Dada yako,
Tafida, wa mwaka arobaini na tatu